Uso wa shangazi kwenye fulana nyeusi

Fulana kumi za kwanza nilizichukua Njombe mjini asubuhi ya ukungu, mwezi Julai, wakati hata wenyeji wanatembea wamejikunyata. Nilizifungua kwenye meza ya mgahawa kabla chai haijafika. Uso wa shangazi ulikuwa wa kijivu. Kijivu cha majivu ya jikoni, kama mtu aliyepakwa unga. Dada aliyeleta chapati alichungulia akaniuliza, "Huyu mama alikuwa anaumwa sana, eeh?" Hakuwa na nia mbaya.

Shangazi yangu alikuwa mweusi wa kung'aa, mashavu ya mtu aliyekulia kwenye baridi. Alifariki mwaka jana kwa kiharusi. Mwaka ukiisha, kwetu familia hukutana, kaburi hujengewa, ibada husomwa na watu hula pamoja, na siku hizi hakuna kumbukumbu bila fulana. Tulihitaji 60, nyeusi, zenye picha yake kifuani. Mimi ndiye ninayefanya kazi ya magazeti, hivyo wazee waliamua kwamba mambo ya kuchapa nayajua. Siyajui. Naandika habari za afya.

Baba mdogo ndiye aliyeshika mfuko wa michango. Alipoambiwa kwamba kila rangi inahitaji fremu yake, na kila fremu ina bei yake, alisema zinatosha mbili: nyeupe na kahawia. "Nyekundu itoke," alisema. Sikuhoji. Matokeo ndiyo hayo yaliyokuwa mezani pamoja na chapati.

Mwenye mgahawa ndiye aliyenielekeza Makambako. Alisema kuna fundi pale aliyemchapia fulana za kwaya, picha ya mlima na jua linazama, na jua lile lilikuwa jua kweli.

Kutoka Njombe hadi Makambako ni kama kilomita 60. Coaster ilipita karibu na maporomoko ya Luhuji, ambayo siku hiyo niliyasikia tu kwa sababu ya ukungu, kisha tukaanza kuteremka kati ya misonobari, mashamba ya viazi na miche ya parachichi iliyopandwa kila mahali palipobaki wazi. Abiria wa jirani yangu alikuwa amepakata kuku ndani ya koti. Njombe ipo karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Makambako ipo chini kidogo, na tofauti unaiona kwa macho. Ukungu ulikatika, ukaja upepo mkavu, ule unaokuingia masikioni na kukujaza vumbi.

Makambako ni mji wa watu wanaopita. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma inakutana hapo na ile inayokwenda Njombe na Songea, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina stesheni yake. Malori yanalala, madereva wanakula, nyumba za wageni hazikosi mteja. Kwa sisi tunaoandika habari za afya, mji huu na mkoa wake upo kwenye daftari siku zote. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/23 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima wa Mkoa wa Njombe ni asilimia 12.7, juu kuliko mkoa mwingine wowote, wakati wastani wa nchi ni asilimia 4.4.

Shangazi alikuwa ndani ya hesabu hizo. Alianza dawa mwaka 2006, miaka miwili baada ya Serikali kuanza kuzitoa bure, na baadaye akawa anakwenda nyumba kwa nyumba kuwashawishi wenzake wasiache kumeza. Picha tuliyochagua ilipigwa Desemba mosi ya mwaka mmoja, Siku ya Ukimwi Duniani. Anacheka, na kwenye blauzi yake, upande wa moyo, kuna utepe mwekundu.

Fundi nilimkuta kwenye chumba cha nyuma ya duka la vifaa vya shule, si mbali na stendi. "Kamwene," nilimsalimia. Aliitikia, akanipa kiti, akachukua fulana yangu ya kijivu na kuisogeza dirishani. Hakumsema vibaya aliyeichapa. Alisema tu, "Huyu amenyimwa damu."

Nilikaa kwake karibu saa mbili nikijifunza nisichokitarajia. Fulana nyeupe, aliniambia, haina shida: kuna zile rangi nne za kiwandani, samawati, majenta, njano na nyeusi, wino mwepesi unaopitisha mwanga, na weupe wa kitambaa unafanya kazi ya karatasi. Kwenye fulana nyeusi wino huo unamezwa. Ndipo mafundi wanatumia njia wanayoiita simuleti, yaani kuiga. Unaifungua picha kwenye kompyuta, unachagua rangi chache nzito zinazofunika kitambaa, kisha kila rangi unaivunja kuwa nukta ndogo ndogo. Palipo na mwanga nukta zinanenepa na kukaribiana, palipo na kivuli zinakonda. Ukisimama hatua mbili, jicho lenyewe linazichanganya na kuona uso.

"Na weusi wake unauchapa na rangi gani?" nikamuuliza.

"Weusi siuchapi, dada. Weusi wake ni wa fulana."

Alinionyesha kwenye kioo. Chini ya kidevu, kwenye nywele, ubavuni mwa pua, hapakuwa na nukta hata moja. Pale kitambaa kinaachwa kama kilivyo. Kosa la wengi, alisema, ni kuogopa giza: wanaona uso ni mweusi na fulana ni nyeusi, basi wanamwaga nyeupe kila mahali ili mtu aonekane, na mtu anapotea palepale.

Kwa shangazi alitaka fremu sita: nyeupe ya chini, kahawia, nyekundu, njano ya dhahabu, bluu kidogo ya vivuli, na nyeupe ya mwisho kwa ajili ya meno na mng'ao wa paji la uso. Nilimweleza kwamba nyekundu tumekatazwa. Akatikisa kichwa. "Ngozi yetu ina nyekundu ndani yake. Ukiitoa unapata maiti." Kisha akakumbuka ninachapisha nini. "Samahani, dada."

Nikatoka nje, nikampigia baba mdogo huku lori linapiga honi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Anataka bei gani?"

Nikamtajia, nikamweleza habari za damu na mashavu. Akanyamaza kidogo. "Basi nyekundu ibaki usoni. Kile kitepe akifute kwenye kompyuta. Inawezekana?"

Nilirudi ndani kuuliza. Inawezekana, ni dakika chache. Nikamwambia, halafu nikaongeza kwamba utepe hauongezi hata shilingi moja, kwa kuwa fremu ya nyekundu itakuwepo vyovyote vile.

"Si hela," akasema. "Wewe unaishi Dar. Sisi tunabaki hapa na watoto wake."

"Baba, watu walikuwa wanajua. Alikuwa anasimama kanisani anasema mwenyewe."

"Alipokuwa hai alijisemea. Sasa ni sisi tunamsemea. Alikufa kwa kiharusi, na watu wakiona kitepe watasema mengine."

Sikuwa na jibu. Nimeandika makala nyingi kuhusu siri ya mgonjwa, na katika zote nilikuwa na uhakika nani ana haki ya kuitoa. Pale stendi, na vumbi machoni, sikuwa na uhakika huo. Nikampigia binti yake shangazi, ambaye anauza viazi sokoni Njombe. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: ni picha ile ya Desemba mosi?

"Ndiyo."

"Pini ya kuubania utepe ule alinituma mimi. Tulizunguka maduka matatu. Mwambie fundi auache."

Nililala Makambako, kwa sababu kazi ya aina hii haiharakishwi. Fremu zake ni za mninga. Za msonobari ni rahisi, na kwetu mbao hizo ni tele, lakini zikiwa na unyevu zinajipinda, na fremu ikipinda kwa upana wa uzi tu nukta za nyekundu zinahama kutoka shavuni kwenda sikioni. Kitambaa cha fremu ni cha nyuzi 90 kwa kila sentimita. Cha maandishi ya kawaida kinaweza kuwa cha nyuzi 43. Kwanza alikuwa na karakana Njombe mjini. Alihama kwa sababu ya ukungu: dawa ya picha inayopakwa kwenye fremu haikauki, na isipokauka vizuri nukta ndogo zinaondoka na maji ya kuoshea.

Dawa hiyo niliiulizia zaidi, maana vidole vyake vilikuwa na vidonda. Alikuwa anachanganya ile chumvi ya rangi ya chungwa, dikromati, kwa mikono mitupu. Ni ya bei nafuu, lakini ina kromiamu ya aina inayochoma ngozi, inayoleta mzio usioisha, na inayosababisha saratani ya mapafu kwa wanaoivuta vumbi lake kazini. Ipo dawa nyingine, ya diazo, isiyo na sumu hiyo. Alinisikiliza kwa adabu. Asubuhi nilimnunulia glavu za mpira. Akazivaa, walau nilipokuwepo.

Kisha akaanza. Nyeupe ya chini, ikakaushwa chini ya jiko la umeme, na kwa dakika chache nikamwona tena yule mtu wa kijivu, moyo ukashuka. Ikaja kahawia. Ikaja nyekundu, na kwa mvuto mmoja wa mpira mashavu yalipata uhai na utepe ukatokea, vyote kwa pamoja. Mwisho nyeupe ya meno. Kila fulana ilipita kwenye pasi ya joto, maana wino ule hauivi mpaka wote ufike karibu nyuzijoto 160, na ukumbi wa baridi unaiba joto. "Juu unaweza kuona umepona," alisema, "kumbe ndani bado." Alivuta kitambaa kwa mikono miwili kujaribu. Haukupasuka.

Siku ya kumbukumbu binti yake aligawa fulana mlangoni. Bibi mmoja alishika yake kwa muda mrefu bila kuivaa, akipitisha kidole kwenye shavu. Baba mdogo alipewa saizi kubwa. Aliivaa juu ya shati, kisha akavaa koti na kufunga zipu mpaka shingoni. Ilikuwa baridi kweli. Nusu ya watu walifanya hivyo hivyo. Kwenye picha ya familia mpiga picha aliwaomba wafungue makoti. Yeye alifungua mpaka katikati, uso wa shangazi ukaonekana, utepe ukabaki ndani.

Saa saba jua lilitoka. Nilikuwa nabeba masufuria nilipomwona amelivua koti na kulitundika kwenye mparachichi, anagawa soda.