Kabla ya Kubadilisha Kebo

Mafundi simu vijana wa hapa Chunya, simu ikigoma kusomeka kwenye kompyuta, hukimbilia kubadilisha kebo. Sisi tulioanza na Nokia za vibonye huuliza kwanza kompyuta yenyewe ina Windows gani na ilijisasisha lini. Hatukuzaliwa na busara hiyo, tulifundishwa na hasara.

Enzi zile simu ya mchimbaji ilifika mezani ikiwa na vumbi jekundu hadi chini ya vibonye. Ilitoka duarani, yaani shimoni, Matundasi au kwenye karasha la kusagia mawe Makongolosi, na mwenyewe anaitaka kabla ya basi la jioni. Nyingi zilipona kwa spiriti na mswaki. Zilizobaki zilikuwa zinawaka, zinaonyesha maandishi ya kosa, zinazima. Dawa yake ilikuwa kuflashi: unachomeka kebo, programu ya kwenye kompyuta inaingia ndani ya simu, inasoma kilichoharibika, kisha inaiandikia simu mfumo wake upya. Kebo yetu iliingia kwenye tundu la printa, lile pana la pini 25, na kompyuta ilikuwa ya mezani yenye Windows 98. Programu iliongea na tundu moja kwa moja, bila kuomba ruhusa kwa yeyote.

Windows XP ilitoka 2001, ikatufikia kwa kuchelewa, kama ilivyokuwa kwa kila kilichohitaji kuvuka mlima wa Kawetere. Tuliipenda kwa sababu haikuganda ovyo. Ila ukichukua programu ile ile, kebo ile ile na simu ile ile, ukibonyeza kitufe cha kusoma, dirisha linajifunga na ujumbe wa kosa. Fundi aliyekuwa akitufundisha alishafungua kebo na kuchomea waya zote upya ndipo tukaja kuambiwa sababu.

Sababu ilikuwa chini kabisa. Kila mfumo endeshi una kiini chake, kinachosimama kati ya programu na vyuma vya mashine: nani aguse kumbukumbu, nani aguse tundu, chenyewe ndicho kinachoamua. Kiini cha Windows 98 kilikuwa kilegevu. XP ilijengwa juu ya kiini cha ukoo wa NT, na hicho hakikubali programu ya kawaida iandike kwenye tundu bila kupitia draiva, yaani programu inayokiunganisha kiini na kifaa. Programu zetu ziliandikwa na watu waliozoea ulegevu. Ufumbuzi ukawa kidude kiitwacho UserPort, draiva ndogo inayokifanya kiini kiachie anwani za tundu hilo. Sisi tuliipata kutoka Mbeya, kwenye diski, mkononi mwa abiria. Leo Mbeya hadi Chunya ni kilomita 72 za lami. Wakati ule kiangazi ni vumbi hadi kwenye nyusi, masika ni tope, na juu mlimani ukungu unaomfanya dereva atoe kichwa dirishani.

Tukadhani yameisha, kumbe biti 64 zinakuja. Kuanzia Windows Vista, matoleo ya biti 64 yalikataa kupakia draiva ya kiini isiyo na saini ya kidijitali inayotambulika. UserPort ikafia hapo. Tulikuwa tumeshahamia kwenye maboksi ya kuflashi ya USB na simu zenye chipu za MediaTek, na draiva nyingi za vifaa hivyo zilikuja bila saini yoyote. Kwenye orodha ya vifaa unaona pembetatu ya njano, na ukifungua unakuta namba ya kosa 52. Fundi wa enzi zile hata ukimwamsha usiku wa manane ukamtajia 52, atakwambia ni saini.

Simu ya MediaTek ina tabia yake. Ukiichomeka ikiwa imezimwa, inajitambulisha kwa kompyuta kwa sekunde chache tu, kisha inapotea. Draiva isipoidaka hapo, unaanza upya. Kwenye Windows 7 ulibonyeza F8 mashine inapowaka, ukachagua kuondoa ukaguzi wa saini. Windows 8 ikaificha njia hiyo ndani zaidi: unashika Shift, unabofya kuwasha upya, unapita menyu kadhaa, mwisho unabonyeza 7. Ruhusa yenyewe inaisha kompyuta ikizimwa. Umeme ukikatika, unarudia yote, na wateja kwenye benchi wanakutazama. Wapo waliochoka wakaiacha mashine moja kwa moja katika hali ya majaribio, isiyodai saini inayotambulika. Mashine ya namna hiyo unaitambua kwa maandishi madogo kwenye kona ya chini kulia ya skrini, na kwa virusi.

Mwaka 2016 mambo yaligongana. Usiku wa tarehe 16 Juni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walizima simu bandia nchi nzima, na asubuhi vibanda vilijaa watu wanaodhani fundi anaweza kuwarudishia mtandao. Jibu lilikuwa moja: IMEI, namba ya utambulisho ya simu, haichezewi, ni jinai. Agosti likatoka toleo la Windows 10 liitwalo 1607, lenye sharti kwamba mashine iliyowekewa mfumo upya na inayowaka chini ya ulinzi wa Secure Boot isipokee draiva mpya ya kiini isipokuwa imetiwa saini na Microsoft.

Lakini kilichoniuma zaidi kilitokea upande wa simu. Mwanzoni mwa 2013 Android 4.2.2 ilibadilisha namna simu inavyokubali kukaguliwa na adb, programu ya kompyuta ambayo mafundi tuliitegemea kuisoma simu kwa ndani. Adb ya zamani ikaanza kuonyesha kwamba simu haipo hewani ilhali kebo imechomekwa. Hilo lilikuwa dogo, unapakua adb mpya. Tatizo ni kwamba simu nayo ilianza kuuliza kwenye kioo chake: unaiamini kompyuta hii? Mwenye kioo kilichokufa hana pa kugusa. Mzee mmoja aliyekuwa akiwakopesha wachimbaji chakula na petroli aliniletea simu iliyokanyagwa na gari. Madeni yote alikuwa ameyapiga picha humo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Simu kaa nayo, mimi nipe madeni yangu."

Zamani, kwa simu niliyokwisha kuiruhusu ikaguliwe, ningezitoa picha hizo kwa amri moja. Safari hii tuliagiza kioo Mbeya, na bei yake ikapita ya simu.

Hata hivyo siwaungi mkono wanaosema milango ilifungwa ili kutukomoa. Februari 2010 sasisho la kiini cha Windows liliangusha kompyuta nyingi za XP duniani, skrini ya bluu kila zikiwashwa. Watu wakalilaani sasisho. Uchunguzi ukaonyesha mashine hizo zilishaingiliwa na kirusi Alureon, kilichojificha ndani kabisa ya mfumo na kukariri anwani za kiini. Sasisho lilipozisogeza anwani, kirusi kikapotea njia na kuiangusha mashine nzima. Walioandika kirusi hicho walikirekebisha ndani ya siku chache, bidii ambayo ningeitamani kwa watengenezaji wa maboksi yetu. Kirusi na chombo changu cha kazi vilipita mlango mmoja, na hakuna namna ya kumzuia mmoja ukamwacha mwenzake apite hivi hivi. Lawama yangu iko kwa wanaouza chombo leo, kesho hawana habari nacho.

Kwa hiyo, fundi unayeanza, tenga mashine ya zamani kwa kazi ya kuflashi tu. Usiiunge na intaneti, usifungulie humo akaunti ya pesa, yako wala ya mteja, na draiva zake weka nakala kwenye flashi mbili. Mashine ya kufanyia malipo iache ijisasishe. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo wengi mtahamia Windows 11, ambayo ni kali zaidi kwa draiva za zamani. Kabla hujatoa hela ya boksi, muulize muuzaji draiva zake zimetiwa saini na nani. Akisita, mwachie boksi lake.