Vipakiti vya Mpakani

Mimi ni mzaliwa wa Busia, mji ambao nusu yake iko Kenya na nusu iko Uganda. Wateso na Wasamia wana jamaa pande zote mbili. Ukienda kaskazini hadi Malaba, katika wilaya ya Tororo, hali ni ile ile: mtu hushinda Uganda akarudi kulala Kenya.

Mwaka 2010 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kudhibiti vileo, ikakataza pombe kuuzwa katika chombo cha chini ya mililita 250. Vipakiti vya waragi, ambavyo Watanzania waliviita viroba, vikawa haramu kwetu. Ng'ambo vilibaki halali hadi mwaka 2019. Miaka yote hiyo binamu yangu, mwendesha bodaboda, alivuka kwa miguu kila alfajiri akarudi na viwili mfukoni. Vilifichika kwa urahisi, na bei yake haikumshinda hata siku aliyokosa abiria.

Siku moja nilichukua kimoja nikamsomea onyo lililoandikwa pembeni kwa herufi ndogo za Kiingereza. Alishangaa. "Mwalimu, kumbe hayo ni maneno ya kuniambia mimi? Nilidhani ni jina la kiwanda." Niliona haya. Nimefundisha lugha miaka mingi, na hakuna aliyekuwa amemsomea ndugu yangu sentensi iliyomhusu kuliko zote. Tangu siku hiyo sipendi kusikia kwamba watu "hawaelimiki".

Msidhani tatizo hili ni la nchi maskini pekee. Uskoti iliweka kima cha chini cha bei ya pombe mwaka 2018. England, jirani yake, haikuweka, na mnywaji aliye karibu na mpaka anaweza kwenda kununua huko kwa bei nafuu. Ila Waskoti wengi huishi mbali na mpaka huo. Sisi tunaishi juu yake.

Uganda ilipopiga marufuku vipakiti, binamu yangu alikaa wiki mbili bila kunywa, mikono ikimtetemeka, na mkewe ndiye aliyekesha naye. Kisha zikaja chupa za mililita 200. Ng'ambo ni halali. Kwetu zimepungukiwa na mililita 50. Hununua moja, akagawana na wenzake wawili kabla ya kuwasha pikipiki.