Kovu la Kisigino

Mwezi mmoja kabla ya akdi ya binti yangu, alikuja kwetu shangazi wa bwana harusi kutujulia hali. Tulikaa ukumbini, kahawa ikamiminwa, na katikati ya mazungumzo jicho la mgeni likatua juu ya kisigino cha binti, palipo na kovu refu kama uzi. Akauliza, kwa adabu yote ya watu wa mjini, kovu lile limetokana na nini. Nilikwisha kufungua mdomo ili nitoe jibu langu la siku zote, kwamba mtoto alipata kutibiwa bara, huko Dodoma, basi. Binti yangu akanitangulia. "Nilizaliwa mguu umepinda, shangazi," alisema. "Nikanyoshwa Mlali, kwa mapadri."

Kisha akaendelea kumimina kahawa. Yule mama akasema, "Mungu awalipe," akapokea kikombe chake, na mazungumzo yakahamia kwenye bei za vitambaa. Kwa miaka ishirini nilikuwa nimeyafungia ndani maneno hayo matatu, na siku yalipotoka hayakuvunja hata sahani. Naandika makala haya kwa sababu ya aibu iliyonipata jioni ile, na kwa sababu deni lisilotajwa haliwezi kulipwa.

Mlali niisemayo ni ile ya Wilaya ya Kongwa, Mkoa wa Dodoma, katika upande ule ambao nchi ya Wagogo hukaribiana na nchi ya Wakaguru. Atokaye Morogoro kwenda Dodoma hupita Gairo, na kabla ya kufika Kibaigwa huiacha lami pale Pandambili, akashika njia ya vumbi kuelekea kusini. Ni nchi ya mibuyu, mtama na uwele, na mvua yake ni ya msimu mmoja tu kwa mwaka. Hapo ndipo kilipo kituo cha watoto wenye ulemavu kilichoanzishwa na watawa Wakapuchini kutoka Toscana, nchini Italia. Wakapuchini ni tawi la wafuasi wa Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Ndugu zao wa Uswisi walitangulia kufika Tanganyika mwaka 1921, na wale wa Toscana wakaja baadaye.

Mwaka 2004 nilikuwa Kibaigwa nikishughulika na biashara ya mahindi. Mke wangu na mtoto wetu wa miaka minne walikuwa nami. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umegeukia ndani, akikanyagia ubavu wa wayo, na kila mwaka ubavu ule ulizidi kuwa sugu. Mpagazi mmoja wa sokoni ndiye aliyenielekeza Mlali. Nilipompigia simu mjomba wangu Unguja kumtaka ushauri, hakusema mengi. Alisema, "Watakunyoshea mguu, watakupindia moyo." Nami, ambaye nilikuwa nimesomesha chuoni miaka mingi kabla ya kuingia sokoni, niliiona kauli yake kuwa ya haki. Nilikwenda, lakini nilikwenda kama mtu aingiaye dukani kwa adui yake: nilikusudia kuchukua nilichokifuata na kutoka bila kumtazama mwenye duka usoni.

Mtoto alifanyiwa upasuaji, akafungwa plasta ngumu, na ikawa lazima mama yake akae naye kwa wiki nyingi. Mimi nilikuwa nikienda kila mwisho wa wiki. Muda si mrefu Ramadhani ikaingia. Ilikuwa Oktoba, kipindi ambacho uwanda ule hukauka hata majani ya michongoma yakawa rangi ya udongo. Nilihofia mno namna mke wangu atakavyofunga katika nyumba ya watu wasiofunga. Nilipofika safari ya kwanza ya mwezi ule, nilimkuta ametulia. Mpishi wa pale, mama wa Kigogo aliyevaa msalaba shingoni, alikuwa akiamka saa tisa za usiku kumpashia uji wa daku. Hakuna aliyemwagiza. Na katika chumba alicholala mke wangu palikuwa na mstari wa chaki sakafuni. Fundi wa viatu vya watoto, Mkristo naye, alikuwa ameazima dira akatafuta kaskazini, kisha akamuuliza mke wangu Makka iko upande gani wa kaskazini hiyo, akauchora mstari. Kila deki ilipopigwa na chaki ikafutika, aliuchora tena.

Nilisali juu ya mstari ule, na sikwambii uwongo, ndugu msomaji: sala ile ilinielemea. Nilikuwa nimeelekezwa kibla na mtu ambaye moyoni nilikuwa nimemhukumu kabla sijajua jina lake.

Nikaanza kutazama. Jambo la kwanza nililoliona ni kudumu. Sisi tunajua kutoa. Mtu wetu akifikwa, tunachanga usiku huo huo, na sifa hiyo hakuna awezaye kutunyang'anya. Lakini watu wale walikuwa wameweka nadhiri, na nadhiri yao ilikuwa na anwani. Walikuwa wameiacha nchi yao ili wakae mahali pa vumbi mwaka hadi mwaka, wakiosha miguu ambayo jamaa zake waliona haya hata kuitazama. Nikajiuliza: sisi wenye mila kongwe ya wakfu, ambao wazee wetu waliweka wakfu mashamba, visima na nyumba kwa ajili ya maskini, nani kati ya jamaa zangu, na nani mimi mwenyewe, aliyepata kumfikiria mtoto mwenye mguu uliopinda alipotoa? Nilikuwa nimechangia mikeka na mazulia ya misikiti mitatu. Binti yangu mwenyewe asingeweza kutembea hadi kwenye hata mmoja wao.

Jambo la pili lilikuwa la usiku. Mtawa mmoja mzee, Mwitaliano aliyesema Kiswahili cha kunyosha, alinieleza kwamba kabla ya kulala huipitia siku yake yote mbele ya Mungu, tendo kwa tendo, na kuomba msamaha kwa yaliyokwenda kombo. Nikamjibu kwa fahari kwamba hiyo kwetu huitwa muhasaba, na kwamba Imamu Ghazali ameitengea kitabu kizima ndani ya Ihya yake. Akafurahi kikweli, akaniuliza: "Na wewe huifanyaje?" Nikakosa la kusema. Nilikuwa nimeisoma, nimeisomesha, na sikupata kuifanya hata usiku mmoja. Tangu usiku ule huifanya. Basi, niseme nimejifunza kwa nani? Hazina ilikuwa ya kwetu, imo sandukuni mwetu. Aliyenionyesha kwamba sanduku hufunguka ni jirani.

Nadhani hapo ndipo wengi tunapokosea tunapoogopa kujifunza kwa watu wa dini nyingine. Tunadhani kujifunza ni kuchukua cha mtu na kuacha chetu. Mara nyingi mambo huwa kinyume. Mimi na mtawa yule hatukukubaliana juu ya Nabii Isa, na wala hatukujidai kukubaliana. Aliniambia wazi anachokiamini, nami nikamwambia wazi kwa nini siwezi kukiamini, kisha tukaenda kumtazama mtoto. Sikutoka Mlali nikisema kwamba dini zote ni moja, kwani mtu asemaye hivyo aghalabu huwa hajaijua vyema hata moja. Nilitoka nikijua kwamba tofauti yetu ni ya kweli, na kwamba haikuhitaji chuki ili iendelee kuwa ya kweli.

Watawa wale walikuwa na mfano wa kale wa kuufuata. Mwaka 1219, Vita vya Msalaba vikiwa vimepamba moto huko Dimyati nchini Misri, Fransisko huyo huyo wa Asizi alivuka mstari wa mapigano bila silaha akaenda kwa Sultani al-Malik al-Kamil, mtoto wa ndugu yake Salahuddin. Sultani alimsikiliza, akamrudisha salama. Hakuna aliyemsilimisha wala kumbatiza mwenziwe. Lakini miaka miwili baadaye, kanuni ambayo Fransisko aliwawekea nduguze iliwataka wanaokwenda kuishi kati ya Waislamu wasianzishe magomvi wala mabishano, bali wajishushe kwa kila mtu kwa ajili ya Mungu. Na sisi tunao mfano wa kale zaidi: Waislamu wa mwanzo walipoteswa Makka, walikimbilia Habasha, na aliyewapa hifadhi ni Najashi, mfalme wa Wakristo. Tunakisimulia kisa hicho kila mwaka katika Maulidi. Mimi nilikuwa nikikisimulia huku nikimwonea haya fundi aliyenichorea kibla.

Pale kituoni alikuwapo pia mzee mmoja wa Kigogo aliyekuwa akimwuguza mjukuu wake. Hakuwa Mkristo wala Mwislamu. Alikuwa wa mila za wazee wake, watu waliomwomba Mulungu mvua kwa matambiko tangu zama za watemi. Niliposema "Shikamoo, mzee," alinijibu "Marahaba," kisha akanifundisha kuitikia "Mbukwa." Alipojua natoka Unguja alicheka kidogo. "Babu zenu walipita hapa," alisema. "Walinunua maji kwa babu zetu. Na wengine walirudi pwani na watu wamefungwa shingo." Hakuyasema kwa hasira. Aliyasema kama mtu anayemkumbusha mwenziwe mpaka wa shamba. Niliinamisha kichwa, kwa sababu njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa na kuikata Ugogo, na hongo ya maji na ya njia waliyotozwa wasafiri imo katika tarehe. Nayo minyororo imo pia.

Jioni ile, mjukuu wa mzee alimletea ugali wa uwele na mlenda. Akaifunika sahani, akakaa. Nikadhani anangoja upoe. Jua lilipozama na mimi nikameza tende yangu, ndipo alipoifunua akaisogeza katikati yetu. Nilipomwuliza kwa nini hakula, naye hafungi, alishangazwa na swali langu. "Mtu hali mbele ya mwenye njaa," alijibu. Mila yake haikuwa na kitabu ambacho ningeweza kukinukuu wala kukibishia. Ilikuwa na mkono uliofunika sahani. Nimehudhuria darasa nyingi za adabu ya mgeni, na sikumbuki iliyonishika kama ile.

Sasa niseme lililo zito. Tulirudi Unguja mwaka 2006, mtoto akikimbia. Watu walipouliza, nilisema "Dodoma". Mjomba alipouliza, nilisema "hospitali". Haukuwa uwongo kamili, na kwa hiyo uliniwia mwepesi kuubeba. Kisha, Jumapili moja ya Februari 2013, padri mmoja wa Kikatoliki aliuawa kwa risasi hapa Unguja akifika kanisani kusalisha. Siku chache baadaye nilikaa barazani na wenzangu. Wengi walilaani, kama ipasavyo. Mmoja akasema kwamba watu hao hawana lolote walilotufanyia. Wote wakanyamaza, na mimi nikanyamaza pamoja nao, hali binti yangu wa miaka kumi na tatu alikuwa akipita mbele ya baraza ile ile kwa miguu miwili iliyonyoka. Laiti ningelisema maneno matatu tu! Sidai kwamba yangelibadili tarehe ya visiwa hivi. Yangelimbadili mtu mmoja barazani, au yangelinibadili mimi.

Mtume wetu ametufundisha kwamba asiyewashukuru watu hakumshukuru Mwenyezi Mungu. Mafundisho hayo hayakuweka sharti la dini ya anayeshukuriwa. Kanisa Katoliki nalo, katika tamko la mwaka 1965 la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, lilikiri kuwaheshimu Waislamu na kuwataka waumini wake waiweke kando migogoro ya karne zilizopita. Na mwaka 2019, Papa Fransisko, aliyefariki 2025, na Sheikh Ahmed el-Tayeb wa Al-Azhar walitia saini pamoja, mjini Abu Dhabi, waraka juu ya udugu wa wanadamu. Nayaheshimu maandiko hayo. Lakini najua kutokana na nafsi yangu kwamba mtu aweza kuyakubali yote na bado akanyamaza barazani.

Baada ya mgeni wetu kuondoka, nilimwuliza binti yangu kama aliona haya kumweleza mama yule. Akaniuliza, "Haya ya nini, baba?" Nikamwambia kwamba mimi nilikuwa nikiificha habari ile kwa miaka yote. "Najua," alisema. "Nilidhani hutaki kuukumbuka mguu."

Akdi imekwishapita. Kabla yake nilimwandikia barua mkuu wa kituo kile, nikamweleza mtoto ni nani, mwaka gani alifika, na kwamba anaolewa. Nikamwomba amsalimie fundi wa viatu na mama wa jikoni, wakiwa wangali hai na wangali pale, na nikaeleza ni fundi yupi: yule wa mstari wa chaki. Bahasha niliipeleka posta mwenyewe, na nilipotoka nilipitia kwa mjomba, ambaye sasa ni mkongwe haoni vyema, nikakaa karibu ya sikio lake, nikamweleza yote tangu mwanzo.

Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza kama mtoto alihifadhi sala zake kule. Nikamwambia kuhusu mstari wa chaki. Akanyamaza kitambo, kisha akasema nimrudie mahali pale pa dira, hakusikia vizuri.