Kuwaona Wanaoandika

Kabla ya Agosti 2025 niliijua jumuiya yangu kwa asilimia tu. Nahariri Wikipedia ya Kiswahili nikiwa Arusha, usiku kazi za nyumbani zikishaisha, na kila uchunguzi kuhusu wahariri unapotoka huusoma kama mtu anayetafuta majina ya ndugu zake kwenye orodha. Uchunguzi wa 2011 ulikuta wanaume ni asilimia 91. Wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba wahariri wanaoishi Afrika hawafiki hata wawili katika kila mia, ilhali bara letu lina takriban asilimia 19 ya watu wote duniani. Mimi ni mwanamke, naishi Afrika, na naandika kwa Kiswahili. Kwenye michoro ya chunguzi hizo watu wa namna yangu ni uzi mwembamba wa rangi pembeni mwa duara.

Ndugu wenyewe sikuwa nimewaona. Wahariri wa dunia nzima hukutana kwenye Wikimania, mkutano ulioanzia Frankfurt mwaka 2005. Afrika ulikuwa umefika Alexandria mwaka 2008 na Cape Town mwaka 2018. Ulipofanyika Stockholm mwaka 2019, na Katowice kule Poland mwaka 2024, Mtanzania wa kawaida aliyetaka kwenda ilimpasa aanze na viza ya Schengen, taarifa za benki na barua za mwaliko. Safari hii ulikuja Nairobi, tarehe 6 hadi 9 Agosti, kwa mara ya kwanza Afrika Mashariki. Mimi nilihitaji pasipoti na nauli ya basi.

Tuliondoka Arusha alfajiri, baridi ya kiangazi ikipenya madirishani. Baada ya Longido nchi inafunguka: migunga, vumbi, ng'ombe wakivushwa barabara na vijana wenye mashuka mekundu. Namanga kinamama wa Kimasai walituzunguka na ushanga wao kabla hatujashuka vizuri. Siku hizi mambo ya mpakani humalizwa katika jengo moja, unagongewa muhuri wa kutoka Tanzania, unasogea hatua chache, unagongewa wa kuingia Kenya. Afisa wa dirisha la pili aliniuliza naenda kufanya nini Nairobi.

"Mkutano wa wanaoandika Wikipedia, kaka."

Aliinua macho. "Kwani Wikipedia huandikwa na watu?"

"Watu wa kujitolea."

"Na wewe dada ni mmoja wao?" Akaniangalia tena, akagonga muhuri, akanitakia safari njema. Swali lake lilinikaa mpaka Kitengela. Mamilioni wanaisoma Wikipedia kila siku, na wengi wao hawajapata sababu ya kujiuliza ni nani aliyeandika wanachokisoma, wala ni nani aliyekosekana.

Mkutano ulikuwa Village Market, upande wa Gigiri, jirani na ofisi za Umoja wa Mataifa. Mlangoni kila mtu alikuwa na beji kifuani, na macho ya wote yalianzia hapo kabla ya kupanda usoni. Watu walisoma jina la mtumiaji, wakapiga kelele, wakakumbatiana. Kijana mmoja kutoka Mombasa, ambaye kwa muda mrefu tulisahihishiana makala, alisoma beji yangu akanyamaza kidogo. "Shikamoo, mama," alisema. "Miaka yote hii nimekuwa nikikuita kaka." Nilimwitikia marahaba kwa furaha kubwa. Aliyekuwa akinirekebishia marejeo yangu kwa subira ya mwalimu mzee alikuwa mwanafunzi wa chuo.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiria upya asilimia zangu. Uchunguzi mmoja wa 2008 uliegemea watu waliokubali wenyewe kujibu, na hesabu yake ya wahariri wanawake ilikuwa asilimia 12.7. Mwaka 2013 watafiti wawili, Benjamin Mako Hill na Aaron Shaw, waliilinganisha na uchunguzi wa taasisi ya Pew uliofanyika Marekani, wakakokotoa upya uzito wa majibu. Walipata asilimia 16.1. Wanawake walikuwapo, ila hawakujibu kwa kadiri waliyojibu wanaume. Bado ni wachache mno, na uchache huo una madhara: Donna Strickland alipopata Tuzo ya Nobel ya fizikia Oktoba 2018, hakuwa na makala kwenye Wikipedia ya Kiingereza, kwa kuwa rasimu iliyomhusu ilikataliwa Mei ya mwaka huohuo. Mradi wa Women in Red, unaoongeza makala kuhusu wanawake, ulipoanza 2015, wasifu za wanawake kwenye Wikipedia hiyo zilikuwa kama asilimia 15 ya wasifu zote. Leo ni kama asilimia 20, na kila pointi imeongezwa na mikono ya watu wanaojitolea.

Siku ya pili nilikaa chakula cha mchana na kijana mmoja wa Goma, mashariki mwa Kongo. Aliukimbia mji huo ulipotekwa na waasi Januari ya mwaka huo, sasa anaishi Kampala, na alikuja kwa basi la usiku. Anahariri kwa simu yenye kioo kilichopasuka, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, bando likiruhusu. Nilimuuliza kama amewahi kujibu dodoso la wahariri. Alijibu moja, alisema, na palipoulizwa nchi anayoishi aliandika Uganda. Jibu lilikuwa la kweli. Lakini kwenye jedwali Kongo imepungukiwa mhariri na Uganda imeongezewa, na hakuna safu iliyoandika kwamba mtu huyu anaandika juu ya mitaa asiyoweza kuirudia. Alieleza hayo yote kwa utulivu huku akinionyesha makala yake kuhusu Ziwa Kivu.

Jioni, sisi wa Kiswahili tulivuta viti pamoja: wa Dar es Salaam, Mombasa, Kisumu, Kampala, na Mjerumani mmoja aliyejifunza lugha yetu ukubwani na anayeijali kuliko wengi waliozaliwa nayo. Tuliamua kuandaa dodoso letu wenyewe. Jinsia na umri viliingia bila mjadala. Mwalimu wa Kisumu akataka tuulize ni saa ngapi mtu huhariri, kwa maana yeye hupata nafasi watoto wakilala. Mimi nikaongeza nani hulipia bando, na kama mtu anatumia simu au kompyuta. Mzee mmoja akasisitiza kwamba maswali yasomwe kwa sauti na kurekodiwa pia, wenye uoni hafifu wasiachwe. Kijana wa Goma alisubiri tumalize, kisha akaomba nafasi mbili badala ya moja: unaishi nchi gani, na unaandika kuhusu nchi gani. Tuliziweka zote mbili juu kabisa ya ukurasa.