Subira si Kunyamaza: Simu Tatu na Barua Mbili



Sisi ni wanawake watatu wa nyumba moja, mama mkwe na wake wa wanawe wawili, tunaoishi Gatuanyaga, mashariki ya mji wa Thika. Asili yetu ni pwani. Huku bara tulifuata kazi za waume zetu. Twafuga kuku na kuuza mayai, na simu ya mkononi ndiyo kibubu chetu, kwani malipo ya wateja huingia humo. Ndiyo pia njia ya pekee ya kupata habari za jamaa tuliowaacha Mombasa.

Mwaka jana tulichanga shilingi 11,500 tukanunua simu mpya, yenye waranti ya miezi 12. Haikumaliza mwezi. Ilikuwa ikipata moto mfukoni, kisha ikizimika ilhali chaji imebaki zaidi ya nusu, na haiwaki tena mpaka ilale kwenye umeme usiku kucha. Muuzaji alitupeleka kwa kampuni iliyoitengeneza, nayo, baada ya majuma mawili, ikatupa nyingine ya aina ile ile. Ya pili ikaugua maradhi ya ya kwanza. Tukapewa ya tatu, nayo ikafuata nyayo.

Ilikuwa katika siku za simu ya pili ndipo shangazi yetu alipofariki huko Mombasa, baada ya magharibi. Jamaa walipiga simu usiku kucha. Yetu ilikuwa imezimika. Ya baba watoto ilikuwa langoni mwa kiwanda, maana wafanyakazi wa zamu ya usiku huziacha hapo. Akazikwa kesho yake baada ya adhuhuri. Basi la usiku kutoka Nairobi lingetufikisha asubuhi, tukawahi kumwosha na kumuaga. Kifo ni ahadi ya Mwenyezi Mungu na hatumlaumu mtu kwa kifo. Lakini tulifikiwa na habari wakati watu wamesharudi makaburini, na jambo hilo tunalo moyoni hadi leo.

Tuliposema kwamba tutashitaki kwa kampuni, majirani wema walitunasihi tusubiri. Walisema ile ndiyo riziki yetu, na kwamba mwanamke wa Kiislamu hapendezi kugombana madukani. Tuliitafakari nasaha ile kwa heshima, kisha tukarejea tuliyofundishwa chuoni. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitia mkono katika chungu ya nafaka sokoni akakuta umajimaji chini. Alimuuliza mwenye mali kwa nini asiuweke juu watu wakauona, akamwonya kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Hakuwaambia wanunuzi wasubiri. Na mafakihi wameweka mlango mzima wa hiari ya aibu, yaani haki ya mnunuzi kurudisha kitu kilichokuwa na dosari asiyoijua aliponunua. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, haki hiyo hutakiwa kutumiwa mara tu dosari inapojulikana. Mwenye kuijua kasoro akaendelea kukitumia kitu huhesabiwa kuwa amekiridhia. Basi kuchelewa kwa kuona haya kwaweza kumpotezea mtu haki yake.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hayo. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Ipo Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012. Zipo pia Mahakama za Madai Madogo, zilizoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambako mtu aweza kujitetea mwenyewe bila wakili katika dai lisilozidi shilingi milioni 1.

Katika kituo cha matengenezo jijini Nairobi tuliambiwa kwamba simu imeingia maji. Tuliuliza kwa upole: je, simu tatu, zilizotoka katika maboksi matatu, zote zimeingia maji kwa namna moja? Fundi hakujibu. Hapo tukaona kwamba maneno ya mdomo hayatatufikisha. Qurani, katika Suratul Baqara aya ya 282, imeamrisha deni liandikwe. Nasi tukaandika.

Barua yetu ilikuwa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Tulitaja tarehe ya kununua na tarehe za kurudisha. Tulitaja namba za utambulisho za simu zote tatu, zile zinazoonekana mtu akibonyeza *#06#, ambazo Wakenya wengi walizijua mwaka 2012 simu bandia zilipozimwa. Tulieleza kasoro kwa maneno ya kawaida, bila tusi wala kiapo. Tukaambatanisha nakala za risiti na za fomu za kituo, risiti zenyewe tukabaki nazo. Mwisho tukataja tunachotaka, yaani fedha zetu na maelezo ya kasoro ile, tukatoa muda wa siku 14.

Siku ya 11 walitupigia, wakatuahidi simu ya nne ya aina ile ile. Tulikataa. Tuliandika barua ya pili tukitaja Ibara ya 46 na mahakama tuliyokusudia kuiendea. Baada ya juma moja shilingi 11,500 zilirudi. Nauli za safari nne za Nairobi hazikurudi, na swali la kwa nini simu tatu ziugue ugonjwa mmoja halijajibiwa mpaka leo.

Swali hilo si dogo. Mwaka 2016 kampuni ya Samsung iliziita simu zake za Galaxy Note 7, zipatazo milioni 2.5, kwa kuwa betri zake zilikuwa zikishika moto. Waliorudisha wakapewa nyingine, nazo zikaungua, mpaka Oktoba mwaka huo utengenezaji ukasimamishwa kabisa. Lau wanunuzi wangalinyamaza kila mmoja nyumbani kwake, kila simu ingalihesabiwa kuwa ajali ya peke yake. Simu iliyotuzimikia sisi huenda sasa imo mkononi mwa mama mwingine anayengoja habari za mgonjwa.

Kwa hiyo, dada zetu, wekeni risiti pamoja na vyeti vya watoto. Kitu kikiwa na aibu, acheni kukitumia na mkirudishe siku hiyo hiyo, na kila mnapokirudisha dai karatasi yenye tarehe na muhuri. Semeni kwa adabu, lakini semeni. Tuliamrishwa kusubiri juu ya yale aliyotukadiria Mola; dhuluma ya sokoni tumeamrishwa kuikataza.

Mwenyezi Mungu amrehemu shangazi yetu, na atubarikie biashara zetu na zenu. Amin.