Gunia, Fito na Fyekeo

Askari wa barabarani alinisimamisha asubuhi moja kwenye Barabara ya Bagamoyo, akatazama leseni, akazunguka gari, mwisho akaniambia nifungue buti. Akachungulia. Mlikuwa na gunia lililoshonwa mdomo, fito mbili, fyekeo, kanga kuukuu zilizokunjwa, kamba ya mwashi na kopo la sarafu. Fimbo zenyewe za gofu zilikuwa kiti cha nyuma, hakuziona.

"Shikamoo mzee," akasema, kana kwamba ndiyo kwanza ananiona. "Unahamia shamba?"

Nikamwambia naenda kufundisha gofu. Akacheka huku leseni yangu ikipepea mkononi mwake. "Gofu gani hiyo ya kufyeka?" Sikumjibu sawasawa, nilikuwa nachelewa na mwanafunzi wa saa moja hapendi kusubiri. Jibu lenyewe ni refu kidogo.

Niliingia kwenye gofu nikiwa na miaka kumi na moja, na niliingia kwa kubeba mifuko ya wachezaji. Mjini kwetu kulikuwa na kiwanja cha mashimo tisa kilichobaki tangu enzi za mashamba ya mkonge. Grini zake, pale penye mashimo, hazikuwa na jani hata moja. Zilikuwa mchanga uliochanganywa na oili chafu ya injini ili upepo usiupeperushe, nasi tukiziita brauni. Mchezaji akifika hapo, kazi ya kedi ilikuwa kuburuta kipande cha bomba chenye mpini kutoka kwenye shimo hadi ulipo mpira, mchanga ulale, apate njia ya kupigia.

Sasa tazama kinachotokea. Mpira ukishapigwa kwenye mchanga uliolazwa vile, unaacha alama. Mstari mwembamba, kama alipopita jongoo. Bwana alikuwa anaapa kwamba kapiga moja kwa moja ila shimo limemkataa. Mimi nilikuwa naangalia mstari chini na naona mpira ulianza kwenda kushoto tangu hatua ya kwanza. Sikusema kitu. Kedi wa miaka kumi na moja hasemi kitu. Lakini jioni, mabwana wakiwa wameketi na bia zao, tulirudi pale na mpira tuliouokota vichakani na mti wa mwarobaini tuliouchonga bapa, tukacheza kwa dau la maandazi, na kila mpira ulipokwisha kusimama tuliinama kusoma mstari wake. Nilipokuja kuona watu wananunua vifaa vya bei kubwa vya kuwaonyesha njia ya mpira kwenye grini, nilikumbuka oili chafu.

Shuleni nako Ijumaa ilikuwa siku ya kufyeka. Mwalimu wa zamu anakupimia eneo kwa hatua zake ndefu, unamaliza ndipo unakwenda nyumbani. Aliyewahi kushika fyekeo anajua: ukilikaba mpini, malengelenge, ukilisimamisha kwenye majani, majani yanalala tu na kuinuka tena. Linakata pale unapoliacha lipite. Uzito wako unahama mguu huu kwenda mguu ule, kiuno kinafuata, na mawazo yako yako kwenye wali wa nyumbani. Sikujua kwamba nafundishwa gofu. Nilijua nina njaa.

Miaka ya uchezaji nitaipita haraka kwa sababu nayo ilinipita haraka. Nilikuja Dar es Salaam, nikabeba mifuko, nikacheza mashindano ya makedi, nikapewa nafasi ya kucheza kwa pesa. Nilipiga vizuri asubuhi bila upepo. Kusi likianza kuvuma kutoka baharini, mpira wangu ulikwenda ulikotaka. Safari moja nilifika Nairobi kutazama Kenya Open, na usiku nikakaa na makedi wazee waliokuwa bado wakimzungumzia Seve Ballesteros, aliyeshinda shindano lile mwaka 1978. Kilichonikaa si ushindi wake. Ni kwamba Mhispania yule alijifunza utotoni kwenye ufukwe wa kijiji chao cha Pedreña, kwa fimbo moja tu, chuma namba tatu, akipiga mawe mchangani. Nikasema moyoni, kumbe na yeye ni mtoto wa mchanga.

Nikawa mwalimu. Na hapa ndipo nilipoharibu.

Nilikuwa nimesoma, nimehudhuria mafunzo, nimepata cheti, na nilitaka kila mtu ajue. Nilifundisha kwa mdomo. Mkono wa kushoto unyooke, kiwiko cha kulia kibanwe, kiuno kianze, kichwa chini. Hasa hilo la kichwa chini, ambalo kila mume humwambia mkewe kiwanjani. Nadhani hakuna maneno mawili yaliyoharibu migongo mingi zaidi. Mtu anabana kidevu kifuani mpaka bega halina pa kupita.

Kulikuwa na binti wa miaka kumi na tatu, mtoto wa fundi cherehani aliyekaa jirani na ukuta wa klabu. Alikuwa amejifunza kwa kuchungulia. Mara ya kwanza nilipompa chuma namba saba alipiga mpira ukapaa juu ya miembe na kutua laini kama ndege anayetafuta tawi. Mwalimu mwenye akili angenyamaza. Mimi niliona kiwiko. Nikarekebisha kiwiko, kikaharibika kiganja. Nikarekebisha kiganja, ikaharibika miguu. Baada ya miezi mitatu mtoto hakuweza tena kuugusa mpira katikati ya fimbo. Siku moja alisimama juu ya mpira muda mrefu, akashusha fimbo.

"Kocha, nikisimama hapa nawasikia nyote mnaongea."

Tulikuwa wawili tu pale.

Akaacha kuja. Baba yake tulikuwa tukisalimiana kila siku. Tangu hapo akawa anaitikia salamu bila kuinua macho kwenye cherehani.

Mwaka uliofuata mwanachama mmoja aliyekuwa anarudi kwao Marekani aliniachia sanduku la vitabu. Ndani yake mlikuwa na kile kitabu chekundu cha Harvey Penick, kilichotoka mwaka 1992. Penick alikuwa mwalimu wa klabu huko Austin, Texas, na alianza kama mimi, kwa kubeba, akiwa na miaka minane. Alikuwa na daftari jekundu aliloandika mambo yake kwa miaka mingi bila kumwonyesha mtu ila mwanawe. Wanafunzi wake wawili wa tangu utotoni, Ben Crenshaw na Tom Kite, wakawa mabingwa wakubwa. Alifariki Aprili 1995. Crenshaw akabeba jeneza Jumatano, na Jumapili akashinda shindano la Masters.

Nilisoma kwa Kiingereza changu cha kubahatisha, kamusi pembeni. Nikafika mahali anapomshauri mwanafunzi anunue kifaa cha kukatia magugu, akate nacho majani, kwa kuwa mwendo ule ndio mwendo wa fimbo inapopita kwenye mpira. Nilifunga kitabu. Mzee wa Texas alikuwa ananiambia habari za Ijumaa ya shule yangu ya msingi.

Ukweli ni kwamba fimbo inaposhuka kutoka juu hadi kwenye mpira haichukui hata theluthi moja ya sekunde, na mpira wenyewe hukaa usoni mwa fimbo kwa kama nusu ya elfu moja ya sekunde. Hakuna sentensi inayoenea humo. Mwili unahitaji kujibiwa na kitu, papo hapo. Mimi nilikuwa najibu kwa hotuba.

Nikaanza kukusanya vitu. Fito zilikuja kwanza. Ufito mmoja chini mbele ya vidole vya miguu, mwingine sambamba nao upande wa pili wa mpira, kama reli. Mwanafunzi huamini kwamba ameelekea bendera. Ukimweka kwenye reli anaona alikuwa ameelekea msikitini. Wanaosafiri huniletea zile za plastiki za rangi ya machungwa, nzuri, hazioti ukungu, lakini fito za kujengea nyumba ya udongo zinafanya kazi ileile na zikivunjika hulii.

Kanga ni ya makwapani. Unaikunja, unaipitisha kifuani, unabana ncha zake kwa makwapa yote mawili, unapiga mapigo mafupi. Mikono ikikimbia peke yake kanga inaanguka. Mama mmoja mtu mzima, jaji mstaafu, aliniuliza kwa nini nisimwambie tu kwamba mikono yake inakimbia. Nikamjibu, "Mama, nimeshakwambia tangu Machi." Kanga ilimwambia mara moja, akasikia.

Gunia lilinigharimu. Limekusudiwa kupigwa kwa fimbo, ili mtu ahisi mikono ikitangulia na fimbo ikifuata pale mpira unapogongwa. La kwanza nililijaza mchanga, kwa kuwa mchanga ni wa bure. Nikalijaribu mwenyewe, alhamdulillahi, kabla ya mwanafunzi. Kiganja kilivimba wiki tatu, nikala kwa mkono wa kushoto na kusemwa na mama mkwe. Gunia hujazwa nguo kuukuu: vipande vya mitumba ambavyo hata muuzaji ameviacha. Likipigwa vizuri linatoa sauti nzito, moja. Likipigwa vibaya linalia mara mbili.

Kwenye mchanga wa banka sihitaji kifaa. Nachora mstari kwa kidole, natoa mpira kabisa, namwambia mwanafunzi apige mchanga kuanzia kwenye mstari kwenda mbele. Shimo linaloachwa linasema yote. Wengine hupiga nyuma ya mstari kwa shubiri nzima kisha wananiangalia mimi. Naangalia mchanga.

Sarafu ni za kwenye grini. Naweka shilingi mia mbili umbali wa futi mbili, mpira upite juu yake. Shimo la gofu lina upana wa milimita 108. Mtu akizoea kulenga sarafu, akirudi kwenye shimo anaona amepewa beseni.

Si kwamba nazikataa mashine. Ile rada ya Wadenmaki, TrackMan, ilinivua nguo na naishukuru. Miaka yote nilifundisha, kama wengi wa rika langu, kwamba mpira huanza safari kule fimbo inakopita, halafu huishia kule uso wa fimbo ulikotazama. Rada ikaonyesha kinyume: mpira huanza zaidi kule uso ulikotazama, na kupinda kunatokana na tofauti kati ya uso na njia ya fimbo. Maana yake ni kwamba kuna watu niliwapa dawa ya ugonjwa mwingine, wakanilipa na kunishukuru. Wawili niliwapigia simu. Mmoja alicheka. Mwingine alisema ameshaacha gofu, anafuga kuku.

Ila mashine inatoa namba ishirini kwa pigo moja, na nimeona vijana wanaosoma skrini kuliko wanavyotazama mpira ukiruka. Ni mdomo wangu wa zamani umerudi ukiwa na betri.

Jambo moja nawaonya wanafunzi kabla ya mashindano: vitu vyangu vinabaki butini. Sheria hairuhusu katikati ya mchezo kujinyoosha swingi kwa ufito au kwa fimbo iliyoongezwa uzito. Kijana wangu mmoja, foleni ilipokuwa ndefu kwenye shimo la saba, alichomoa ufito mfukoni akafanya mazoezi mawili, matatu. Mapigo mawili ya adhabu. Angerudia angetolewa kabisa. Akaja kunilaumu kwamba sikumwambia. Nilikuwa nimemwambia, kwa mdomo.

Yule binti nilimfuata mwenyewe. Nilikwenda kwa baba yake na suruali ya kupunguza, ili niwe na sababu ya kukaa. Tukaongea suruali mpaka ikaisha. Ndipo nikasema, "Kaka, mtoto nilimharibu mimi, si yeye." Alikanyaga cherehani kidogo bila kushona kitu. "Basi mtengeneze," akasema.

Nilimpa fyekeo. Mwezi mzima hakuona mpira. Nyuma ya uwanja wa mazoezi kulikuwa na majani yaliyofika magotini, akafyeka akienda na kurudi, kulia kisha kushoto, na mimi nikakaa kwenye ndoo nimeziba mdomo kwa karanga. Wiki ya kwanza fyekeo lilikuwa linapiga kelele za kukwaruza. Wiki ya tatu nikaanza kusikia ule mvumo, fyuu, ambao huja baada ya bapa kupita, si kabla. Siku niliyomwekea mpira nilimwekea bila kumwambia, kwenye majani yaliyobaki, nikampa chuma namba saba. Hakuuliza kiwiko kiko wapi.

Sasa yeye ndiye mwenye watoto wa Jumamosi, kumi na wanne wakija wote, na buti langu amelirithi kabla sijafa: gunia anachukua, fito anachukua. Wiki iliyopita nilifika saa mbili nikamkuta mtunza bustani wa klabu amenisubiri getini, kofia mkononi, amekasirika kwa adabu.

"Kocha, shikamoo. Sina neno na gofu. Lakini hao watoto wa binti yako wamemaliza majani yote ya nyuma, jana wameingia kwenye maua ya mwenyekiti."

Nikamuuliza wamekata vipi.

Akafikiri. "Kukata, wamekata vizuri," akasema. "Sawasawa kabisa."