Gari Lililoinamisha Pua

Gari langu ni Peugeot 404. Nililinunua mwaka 1983 kwa mtu aliyekuwa akihama, na kwa miaka ishirini na minane lilinipeleka kazini, hospitalini, misibani na harusini. Nilipostaafu ukuu wa shule mwaka 2011 niliona bei ya mafuta hainifai, nikaliegesha chini ya mparachichi, nyuma ya nyumba yangu hapa Tunduma. Nilisema ni kwa miezi miwili tu. Likakaa miaka kumi na miwili.

Kwa watu wa rika langu 404 si gari la hivi hivi. Mwaka 1966, na tena mwaka 1967, Bert Shankland na Chris Rothwell wa Dar es Salaam walishinda mbio za East African Safari kwa gari la aina hiyo. Wakati huo nilikuwa mwanafunzi. Tuliizunguka redio ya mwalimu wetu kama watu wanaoota moto, na tangu siku hiyo niliweka nia. Kwa hiyo mnunuzi wa vyuma chakavu alipokuja mwaka 2023 kutaka kulipima gari langu kwa kilo, nilimfukuza. Lakini alipoondoka nililitazama vizuri, nikaona kwamba pua imeinama, hasa upande wa kushoto, mpaka tairi lilikuwa limeingia ndani ya madigadi.

Mwanangu aliniambia, "Baba, yupo fundi mmoja anayeyajua magari ya zamani." Akaja naye siku ya pili. Yule fundi alivua kofia, akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Niliitikia, kisha nikanyamaza. Nilimtambua.

Mwaka 1988, katika shule niliyokuwa nikiiongoza, seti ya spana za jenereta ilipotea. Kijana mmoja wa kidato cha pili alikuwa na tabia ya kushinda kwenye kibanda cha jenereta, na siku hiyo alikutwa mikono yake imejaa grisi. Sikuita kikao wala sikumsikiliza. Nilimwandikia barua ya kufukuzwa, akaondoka na sanduku lake kabla ya jua kutua. Baada ya miaka miwili tulibomoa kile kibanda, tukazikuta spana zote chini ya sakafu ya mbao, zimefungwa katika kitambaa. Aliyezihifadhi humo alikuwa mtumishi aliyekwisha kufariki. Nilizitazama, nikaamuru zirudishwe stoo. Sikuandika barua nyingine.

Yeye alianza kazi kana kwamba hanijui zaidi ya salamu. Alijaza matairi upepo, akalisukuma gari hadi penye sakafu ya saruji, akalikandamiza pua mara kadhaa ili likae linavyotaka lenyewe. Kisha akapima kwa tepu kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi. Upande wa kushoto ulikuwa chini kwa sentimeta sita.

Nikajitia ujuzi. "Shokomzoba zimekufa," nikasema.

"Hapana, Mwalimu. Shokomzoba haibebi gari. Kazi yake ni kutuliza mtikisiko. Anayebeba ni springi."

Katika 404 kila gurudumu la mbele lina nguzo yake: shokomzoba iko katikati, na springi ya mviringo imeizunguka, imekalia kisahani cha chuma. Alilipandisha gari kwa jeki, akaliegemeza juu ya magogo imara, akakwangua tope lililoganda ndani ya kile kisahani. Hapo nikaona. Mzunguko wa chini kabisa wa springi ulikuwa umekatika. Tope lilishika maji, maji yakaleta kutu, na kutu ikala chuma polepole mahali ambapo jicho halifiki.

Nilimwuliza kama hatuwezi kuweka vipande vya mpira kati ya mizunguko, kama nilivyoona wengi wakifanya, au kuipasha springi moto na kuivuta. Akatikisa kichwa. Mpira unainua gari lakini unaizuia springi kucheza, na iliyokatika inabaki imekatika. Moto nao unaondoa ugumu wa chuma, na baada ya muda kitalala tena. "Tubadilishe zote mbili," alisema, "maana ya zamani na ngeni hazilingani." Alikwenda Mbeya, akazunguka Mwanjelwa siku mbili, akarudi na springi mbili za 404 iliyokwisha kukatwa. Alizisimamisha sakafuni, akazipima zikiwa hazina mzigo, zikalingana.

Mchana tulipumzika kunywa chai. Nikaona nikinyamaza siku hiyo pia, nitanyamaza mpaka kaburini. Nikamwambia, "Zile spana zilipatikana mwaka 1990. Hukuiba. Nilijua, nikakaa kimya."

Aliweka kikombe chini. Alikaa kitambo akitazama gari. "Mimi nilijua sikuiba," akasema. "Lakini mama yangu alifariki mwaka 1996, na mpaka siku ile hakuwa na hakika." Kisha akainuka. "Njoo unishikie hapa, Mwalimu. Usiachie."

Alikuwa ameibana springi kwa klempu mbili zilizoelekeana, akikaza huku kidogo na kule kidogo. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja mkono wa mtu. Nilishika alipoelekeza, sikuachia. Jioni alilishusha gari, akalisukuma mbele na nyuma, akapima tena. Pande zote mbili zililingana. Siku zilizofuata alibadilisha mipira ya breki, mafuta ya breki na bushi zilizopasuka, akanyoosha magurudumu.

Nilipomwuliza gharama alitaja fedha, wala hakunipunguzia. Kisha akaongeza, "Shangazi yangu yupo Mlowo. Ndiye aliyekuwa akinilipia ada. Ukaseme kwake."

Jumapili tulikwenda, mimi kwenye usukani na yeye pembeni, tukiupita mstari mrefu wa malori yaliyokuwa yakisubiri kuvuka mpaka. Gari lilitulia barabarani. Kwa shangazi tulipewa viti uani, nikasema yote mbele ya watoto na wajukuu, sikubakiza kitu. Bibi yule alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja: "Kwa nini sasa, Mwalimu, na si wakati ule mama yake yu hai?"

Nimefundisha miaka thelathini na minane, na darasani sikupenda kukosa jibu. Pale uani nilikosa. Nilisema tu, "Niliona haya, mama." Akatikisa kichwa, kisha akamwita mjukuu alete maji ya kunawa, tukala.